Kila Kasoro Ina Kwao: Mwongozo wa Kupima Video Iliyohaririwa

Watu wengi wakiletewa video ya harusi, ya kipaimara au ya uzinduzi wa duka huipima kwa neno moja: imependeza, au haikupendeza. Kipimo hicho si kibaya, lakini hakimsaidii anayelipa wala anayejifunza kazi. Anayelipa hajui amwambie mhariri arekebishe nini, na anayejifunza hajui aanze kutafuta wapi. Kasoro za video zinajulikana na zinajirudia: sauti kuachana na midomo, picha kurukaruka, nyuso kupauka, nembo kuzungukwa na ukingo mweusi, majina kukatwa, faili kugoma kufunguka. Kila moja ina kwao. Ukijua inakotoka utajua pia kama mhariri aliitibu au aliifunika tu, na hapo ndipo ufundi wake unapopimika.

Sawazisha mizani kwanza

Usihukumu video kwa nakala uliyotumiwa WhatsApp kama video ya kawaida. Hubanwa upya ili ipite haraka, na katika kubanwa huko nyuso za watu waliokaa mbali hugeuka mabaka. Omba faili halisi kwenye flashi au kwa kiungo, au litumwe kama hati, maana hati haibanwi. Kwenye runinga, zima mpangilio wa rangi kali na ule wa kulainisha mwendo. Wa kwanza hukoleza rangi ambazo mhariri hakuziweka. Wa pili hutunga fremu ambazo hazimo. Usitumie vipokea sauti vya Bluetooth unapochunguza midomo, kwa sababu vingi huchelewesha sauti vyenyewe, ukaja kumlaumu mtu bure.

Kisha itazame mara tatu. Mara ya kwanza itazame yote bila kusimamisha, kama mgeni mwalikwa, ukiandika tu dakika na sekunde ambapo kitu kilikushtua. Mara ya pili fumba macho usikilize. Mara ya tatu zima sauti, uangalie picha peke yake. Pale uliposhtuka, rudi upite fremu moja moja. Kwenye VLC, kitufe cha E hufanya kazi hiyo. Kasoro nyingi ambazo jicho linazihisi bila kuzitaja hujionyesha wazi zikisimamishwa.

Sauti inapoachana na midomo

Vipimo vya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mawasiliano, vinaonyesha kuwa sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, mtazamaji huanza kugundua. Ikichelewa, hagundui hadi ifike karibu milisekunde 125. Tumezoea hivyo tangu utotoni: mtu akipasua kuni ng'ambo ya shamba, shoka huonekana likitua kabla mlio wake haujafika. Katika video ya fremu 25 kwa sekunde, fremu moja hudumu milisekunde 40. Kwa hiyo fremu mbili za kutangulia zinagundulika, ilhali fremu tatu za kuchelewa zinaweza kupita kimyakimya.

Kugundua peke yake hakutoshi. Chukua video ya ibada ya ndoa ya dakika 40, uangalie midomo sehemu tatu: mchungaji anapokaribisha waumini, maharusi wanapokula kiapo, na matangazo ya mwisho. Ikiwa sauti imepishana kwa kiasi kilekile kote, tatizo ni dogo: kinasa sauti na kamera havikupangwa sawasawa, na kusogeza mara moja kunatosha. Ikiwa ilikuwa sawa hadi mkato fulani ndipo ikapishana ghafla, kosa ni la mkono: klipu ilitenganishwa na sauti yake, moja ikasogezwa, nyingine ikabaki. Lakini ikiwa mwanzo iko sawa, kwenye kiapo imepishana kidogo na mwishoni imepishana kabisa, basi saa mbili hazikwenda pamoja.

Hali hiyo ya tatu mara nyingi hutokana na simu. Simu nyingi hazirekodi kwa kasi isiyobadilika. Mwanga ukipungua au simu ikipata moto, idadi ya fremu hupanda na kushuka, na programu ya kuhariri ikizihesabu zote kama 30 kamili kila sekunde, kosa hujilimbikiza. Chanzo kingine ni tofauti ya fremu 30 na 29.97, kasi iliyoletwa na runinga ya rangi ya Marekani mwaka 1953. Ni tofauti ya moja kwa elfu, lakini kwa saa nzima inafika sekunde 3.6, na katika ibada yetu ya dakika 40 ni sekunde 2.4. Bwana harusi ameshafunga mdomo, nawe ndiyo kwanza unasikia akikubali.

Mhariri hodari huzigeuza klipu za simu ziwe na fremu zisizobadilika kabla hajazigusa, kwa programu ya bure kama HandBrake. Asiye hodari huikata sauti vipande vipande, akasogeza kila kipande hadi midomo ikaribiane. Utamjua kwa sikio: mvumo wa feni ukumbini unakatika na kurudi kila baada ya dakika chache, kwa sababu kila alipokata aliacha shimo.

Usafi wa sauti nao una dalili zake. Sauti ya MC aliyeweka maikrofoni mdomoni hupasuka, kwa maana vilele vya mawimbi vimekatwa bapa, na kilichokatwa hakirudi kama kilivyokuwa. Mhariri mwangalifu hutafuta chanzo cha pili, pengine simu ya ndugu aliyekaa meza ya mbele. Mvumo wa umeme una tiba nyepesi. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo mvumo hukaa kwenye 50, 100 na 150, na unaweza kupunguzwa hapohapo bila kuigusa sana sauti ya mtu. Anayemwaga dawa ya kelele juu ya sauti nzima huiacha nyembamba, na herufi s na sh zikitoka na majimaji.

Mwisho, weka sauti ya runinga mara moja, usiiguse tena. Ukilazimika kushika rimoti kati ya taarabu na hotuba ya baba mzazi, uwiano haukufanyiwa kazi. Watangazaji wa Ulaya wana kiwango chao cha ukubwa wa sauti tangu 2010, LUFS −23, na YouTube hushusha sauti inayozidi LUFS −14 hivi. Mhariri anayejua anakopeleka kazi yake hujua pia namba ya kulenga.

Mwendo

Tafuta mahali ambapo kamera inageuka taratibu au mtu anakatiza skrini. Maharusi wakitoka mlangoni panafaa sana. Ukiona mruko mdogo unaorudi mara tano kila sekunde, karibu hakika klipu ya fremu 30 imewekwa kwenye taimulaini, yaani mstari wa muda wa kupangia klipu, ya fremu 25. Programu imetupa fremu moja katika kila sita, na kila ilipotupwa mtu anaruka hatua. Klipu ya 25 ikiwekwa kwenye taimulaini ya 30, kinyume chake hutokea: baada ya kila fremu tano, moja inarudiwa. Zipite moja moja utaziona.

Kuna wanaoficha mruko huo kwa kuchanganya fremu mbili, na hapo kila anayetembea hupata kivuli chake mwenyewe ubavuni. Wengine huiachia programu itunge fremu za kati. Ukutani haidhuru, lakini tazama kidole kinapovikwa pete katika mwendo wa polepole: pete inayeyukia kwenye ngozi na vidole vinaungana kisha vinaachana. Mwendo wa polepole wa kweli huanzia kwenye kamera. Klipu ya fremu 50 ikipunguzwa nusu ndani ya taimulaini ya 25, kila fremu ni halisi na pete hubaki pete.

Kasoro moja ya mwendo si ya mhariri, na haki inataka isemwe. Taa za tyubu na LED za bei nafuu zinazotumia umeme wa hezi 50 huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Shata ya 1/50 au 1/100 hupokea mizunguko kamili ya mwanga. Ya 1/60, ambayo simu hupenda kuichagua inaporekodi fremu 30, hupokea mizunguko pungufu, na matokeo yake ni mistari ya giza inayopanda au kushuka ukutani. Zipo plagini za kuipunguza, lakini tiba yake ilikuwa mkononi mwa mpiga picha.

Ikiwa kazi imechanganywa na mkanda wa zamani, tuseme harusi ya wazazi kwenye VHS au MiniDV, angalia mambo mawili. Kingo za kitu kinachotembea zikiwa na meno ya kitana, mistari ya runinga ya zamani haikuunganishwa ipasavyo. Watu wakiwa wembamba au wanene kuliko walivyokuwa, mhariri alisahau kwamba pikseli za mkanda wa 720 kwa 576 si za mraba.

Rangi, ngozi na kitambaa

Anzia kwenye vitu vitatu: kanzu au gauni jeupe, suti nyeusi, na uso. Kwenye kanzu tafuta darizi ya shingoni. Weupe ukiwa bapa bila kuonyesha uzi hata mmoja, mwanga umeungua, na huenda ni klipu ya HDR, yenye mwanga wa masafa mapana, iliyotupwa kwenye taimulaini ya kawaida bila kutafsiriwa. Simu za iPhone kuanzia toleo la 12 la mwaka 2020 hurekodi HDR tangu zinapotoka kiwandani, hivyo kasoro hii sasa iko kila mahali. Kwenye suti, tafuta mkunjo wa kiwiko. Ikiwa weusi umekuwa kijivu na video yote imepauka, shuku viwango: video ya kawaida huanzia 16 na kuishia 235, kompyuta huanzia 0 hadi 255, na programu imesoma kimoja kama kingine. Tiba ni kuiambia programu klipu hiyo ni ya aina gani. Anayekimbilia kuongeza kontrasti hurudisha weusi, ila huchoma kila kilichokuwa sawa.

Kwenye uso ndipo penye uzito zaidi. Kipimo cha mwanga cha asilimia 70 kilichozoeleka kwenye kamera kiliwekwa kwa kufuata ngozi nyeupe. Ngozi nyeusi ikisukumwa hadi hapo hugeuka ya majivu, hung'aa kama iliyopakwa vumbi, na bibi harusi hajijui. Mhariri mwenye jicho huacha weusi ukae chini kidogo, kisha huhakikisha mwanga wa paji, shavu na taya unatofautiana, ili uso uwe na umbo. Kosa la pili hutokea wakati wa kubana: programu za kubana video huokoa nafasi kwa kutupa tofauti ndogo za sehemu zenye giza, yaani palepale nyuso zetu zilipo katika ukumbi wa usiku. Kama mashavu yana vigae vya mraba, faili lilibanwa mno, na kulitoa upya kwa biti nyingi zaidi kunaponya.

Linganisha pia mtu yuleyule kwenye kamera mbili. Mama mzazi akiwa na rangi ya shaba kwenye kamera moja na ya zambarau kwenye nyingine, kazi ya kusawazisha haikufanyika. Kipimo kinachoitwa vektaskopu kina mstari wa ngozi, na ngozi za watu wote, nyeusi kwa nyeupe, huangukia karibu na mstari huo. Kinachotofautiana ni mwanga.

Kisha tafuta kanga. Maandishi mekundu juu ya weusi ni mtihani mkali. Video ya kawaida huhifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi hugawiwa pikseli nne kwa pamoja, hivyo kingo za herufi nyekundu huwa na ngazi na wekundu huvuja nje. Jina la kanga likisomeka na herufi zake zikiwa safi, kuna aliyerekodi vizuri na aliyebana kwa adabu. Sababu hiyohiyo huharibu nywele za mtu aliyepigwa mbele ya pazia la kijani: rangi haitoshi kuonyesha unywele mmoja unaishia wapi.

Anga la machweo likiwa na mikanda kama ramani ya milima, biti zimepungua. Biti 8 hutoa hatua 256 kwa kila rangi; biti 10 hutoa 1,024. Mhariri aliyepewa klipu za biti 8 bado ana tiba: kufanya kazi ndani ya mpangilio wa biti nyingi na kunyunyiza chembechembe laini zinazovunja mikanda hiyo.

Grafiki zinazotembea

Jina la mgeni rasmi likiingia skrini, angalia linavyoanza kutembea na linavyosimama. Mwaka 1981 Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa Disney, walichapisha kitabu chenye kanuni 12 za katuni, na mojawapo ni kuanza taratibu na kuishia taratibu. Programu huweka mwendo kati ya fremu mbili kuu, ya mwanzo na ya mwisho, na ikiachwa ilivyo hulipeleka jina kwa kasi moja hadi ligongane na ukuta usioonekana. Anayejali hupinda mstari wa kasi. Anayezidisha hulifanya kila jina lidunde kama mpira, hata tangazo la msiba.

Sasa chunguza nembo kwa karibu. Isimamishe, ukuze picha, uangalie ukingo wa herufi. Ukiona uzi mweusi au mweupe ukizunguka nembo yote, umekutana na tatizo lililoelezwa vizuri tangu 1984 na Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm. Pikseli za ukingoni ni nusu wazi. Kuna faili zinazohifadhi rangi yake safi, na kuna zinazoihifadhi ikiwa imeshachanganywa na weusi wa nyuma. Programu ikikisia vibaya, weusi huo hubaki. Katika programu ya After Effects dawa ni kwenda mahali pa kuifasiri klipu na kuchagua aina sahihi, kisha ukingo unasafika papo hapo. Kiraka ni kuimenya nembo pikseli moja kuzunguka, na kiraka hicho huonekana: herufi zimekonda na vijiti vya herufi i vimekaribia kukatika.

Nembo ikiwa na ukungu au visanduku, imekuzwa kupita ukubwa wake. Pengine ilichukuliwa kwenye picha ya WhatsApp. Mwenye kazi anaweza kuzuia hili kwa kutuma faili la nembo la vekta, la SVG au PDF kutoka kwa aliyeichora. Na kama katikati ya video zinatokea milia ya rangi au skrini nyekundu yenye maneno, hiyo ni alama ya programu kwamba klipu imepotea. After Effects huweka milia, Premiere na DaVinci Resolve huweka wekundu. Ikikufikia wewe mteja, maana yake ni moja: mhariri hakuitazama kazi yake baada ya kuitoa.

Maandishi

Kosa la jina halisamehewi. Kabla ya kitu kingine, hakiki majina na heshima zake: Mzee, Mama, Alhaji, Mchungaji, Mheshimiwa. Rangi mbaya itasahaulika. Baba mzazi aliyeandikwa jina la mwingine atakumbukwa hadi wajukuu.

Manukuu yasizidi mistari miwili, na kila mstari usipite herufi 42 hivi. Kiswahili kina vitenzi virefu, na kitenzi kimoja kinaweza kuwa sentensi nzima, hivyo pa kukatia mstari pana umuhimu. Usiache "wa", "ya", "kwa" au "na" ikining'inia mwishoni. "Tunawashukuru wazazi wa" juu, kisha "bwana harusi" chini, inamkwaza msomaji. "Tunawashukuru" juu na "wazazi wa bwana harusi" chini inasomeka kwa pumzi moja. Manukuu yaliyotungwa na mashine hujitambulisha kwa kuvunja vitenzi: "ana kuja", "nime fika", "tuta onana". Ukiyaona hayo, hakuna binadamu aliyeyapitia.

Baadhi ya fonti za mapambo hazina alama ya ng', hivyo "ng'ombe" au jina la mtu lenye sauti hiyo hutokea na kisanduku katikati. Mradi ukihamishiwa kompyuta nyingine isiyo na fonti ileile, programu huweka fonti yoyote, na maneno yaliyokuwa mstari mmoja humwagika. Kwa video ya wima ya 1080 kwa 1920, angalia kama jina limefichwa na vitufe vya kulia au maelezo ya chini ya simu. Muda wa kukaa nao hupimika kwa mdomo: soma maandishi kwa sauti mara mbili bila haraka. Yakiondoka kabla hujamaliza, hayakukaa vya kutosha.

Mikato

Kwenye kila mkato uliokushtua, rudi fremu tatu. Mara nyingi utakuta fremu moja nyeusi, au fremu moja ya klipu iliyoondolewa ikabaki. Hii hutokana na kupanga klipu bila kuzigandisha pamoja, na ni kasoro ya uvivu kuliko ya ujinga. Sikiliza pia pumzi: msemaji akikatwa kabla ya kuvuta pumzi, sikio hushtuka. Mhariri mzuri mara nyingi huanzisha sauti ya mzungumzaji sekunde kidogo kabla ya kumwonyesha, au huiacha sauti iendelee huku ikionekana sura ya anayesikiliza. Baba akimkabidhi binti, uso wa binti ndio hotuba.

Walter Murch, mhariri wa *Apocalypse Now*, aliyapangia mambo sita ya mkato uzito wake: hisia asilimia 51, hadithi 23, mapigo 10, na mengine matatu yakagawana 16 yaliyobaki. Mgawo huo unaweka kazi yote hii mahali pake. Sauti ikiachana na midomo, hisia hukatika, na kwa sababu hiyo tunazisaka kasoro za kiufundi kwa bidii. Lakini video isiyo na dosari hata moja ambayo haikukaa kwenye uso wa mama alipofuta machozi bado imeshindwa.

Programu inapogoma

Aliye karibu na meza ya mhariri ana kipimo kingine, nacho ni namna anavyohangaika programu inapokataa. Asiyejua hufuta programu na kuiweka upya, akarudia hadi usiku. Anayejua huuliza kwanza: inagomea palepale, au popote?

Tuseme video ya dakika 40 inakwama kila mara ikifika asilimia 63 ya kutolewa. Asilimia 63 ya dakika 40 ni dakika 25 na sekunde 12 hivi, na hapo ndipo pa kwenda, ingawa asilimia hizo hazilingani kwa ukamilifu na muda. Kuna klipu iliyoharibika, fonti mbovu, efekti inayodai kumbukumbu kuliko iliyopo, au picha kubwa mno. Azime efekti zote za eneo hilo; ikipita, arudishe nusu; ikigoma, nusu ya nusu. Kwa njia hiyo hata efekti 16 humalizika kwa majaribio manne. Ikiwa inagoma popote bila mpangilio, lawama ihamie kwenye joto, kumbukumbu, diski iliyojaa au kiendeshi cha kadi ya grafiki. Kompyuta mpakato iliyowekwa juu ya kitambaa, feni zikiwa zimezibwa, Dar es Salaam mwezi wa Februari, haihitaji mchawi.

Programu ikiwa nzito tangu mwanzo, mara nyingi kosa ni aina ya faili. H.264, iliyosanifiwa mwaka 2003, haihifadhi kila fremu kwa ukamilifu. Huhifadhi moja kamili na kueleza tofauti za zinazofuata. Inafaa kutazama, lakini kila unaporuka katikati kompyuta hulazimika kuzijenga fremu upya. Tiba ni kutengeneza proksi, nakala nyepesi za kufanyia kazi, au kugeuza klipu ziwe ProRes au DNxHR. Nilipomuuliza fundi mmoja kwa nini hapendi proksi, alisema zinachelewesha kuanza. Ni kweli, ila zinawahisha kumaliza.

Tatizo jingine ni klipu kuungana na zisizo zake. Kamera mbili za Sony zinaweza kutoa faili lenye jina lilelile C0001.MP4. Folda zikihamishwa na programu ikaambiwa itafute, huchukua jina la kwanza inalolikuta, na kwenye kiapo ghafla anaonekana shangazi akila pilau. Mhariri mwenye nidhamu hutenga folda ya kila kamera na kila kadi tangu siku ya kwanza, na huweka nakala mahali pawili. Umeme ukikatika, anayetumia UPS na hifadhi ya kujiendesha hupoteza dakika chache. Asiyezitumia hupoteza siku.

Faili la kukabidhi

Uliza faili litatazamwa wapi. Video ya saa moja ya ubora wa 1080 kwa megabiti 8 kwa sekunde ina uzito wa gigabaiti 3.6 hivi, na flashi iliyoumbizwa kwa FAT32 haipokei faili moja lenye gigabaiti 4 au zaidi. Ya saa moja na nusu, ikiwa na gigabaiti 5.4, itakataliwa, na mteja atasema flashi ni mbovu. Mhariri mwangalifu huumbiza exFAT baada ya kuhakikisha runinga ya mteja inaisoma, au huigawa video mahali penye mapumziko ya asili. Huitazama pia mara moja hadi mwisho, kwenye runinga na kwenye simu, kabla ya kuikabidhi.

Namna ya kutoa hukumu

Unapomrudishia mhariri kazi, usimwandikie kwamba haijapendeza. Mwandikie dakika na sekunde, unachokiona, na kinavyoenda: dakika ya 31 midomo imepishana kidogo, dakika ya 38 imepishana zaidi, mwanzo iko sawa. Maelezo hayo yanamwonyesha pa kwenda. Na taja yaliyo mazuri kwa uwazi uleule: darizi inayoonekana, jina lililokaa hadi likasomwa, uso wa mama uliopewa sekunde zake. Watu husema ukiona vyaelea vimeundwa, na aliyeunda anastahili kuambiwa ni wapi pameshika.

Kisha subiri jibu lake. Akikueleza kasoro imetoka wapi, ipi ni ya kamera na ipi ni yake, na ataitibu vipi, umepata fundi, hata kama kazi ya kwanza ilikuwa na dosari zake. Mpe kazi ya pili. Akiongeza filta na muziki juu ya kasoro ileile, umeshaona mwisho wa uwezo wake, na bei yake, hata iwe nafuu vipi, itakugharimu tukio ambalo halitarudiwa.